Kondoo wa Mzazi

Jirani yangu hapa Same mjini amepata mjukuu, na tangu juzi jikoni kwao wanayeyusha mafuta ya mkia wa kondoo. Harufu inapanda ukuta na kushukia uani kwangu. Wapo wanaoikimbia. Ni nzito, inashika nguo na mapazia, na ukiivuta sana unajisikia kama umelamba sufuria. Mimi ikinifikia naacha ninachofanya. Jana nilimwacha fundi wa paa akiongea peke yake juu ya ngazi, nikaenda kukaa karibu na ukuta kama mtu aliyeitwa.

Nijitambulishe kwanza, msije mkanidhania mwanamke wa kulialia. Shule nilifika darasa la nne nikatoka, na sikurudi. Leo nina bucha, nina nyumba za kupangisha, nina zizi la kondoo na mbuzi kule tambarare ambako vijana wenye vyeti wanakuja kuniomba kazi. Nimekuwa nikisema maisha yangu yote kwamba sikupewa kitu na mtu. Mali yangu ilianza na mwanakondoo mmoja jike niliyemlea kwa mikono yangu nikiwa sijamaliza kung'oa meno ya utoto. Hadithi hiyo nimeisimulia harusini, nimeisimulia msibani, nimewasimulia hata hao vijana wenye vyeti ili wanyamaze. Sasa nataka kuisimulia vizuri, kwa sababu nilikuwa nikiisimulia vibaya.

Kwetu ni juu milimani, Upare Kusini, ukishafika Suji unaendelea kupanda mpaka unaanza kujiuliza watu wa huko walikuwa wanakimbia nini. Nyumba yetu ilikuwa chini ya msitu. Kondoo hawakulala nje. Walilala ndani pamoja nasi, upande wa kushoto ukiingia, na sisi upande wa kulia, moto katikati. Mtoto wa mjini akisikia hivyo anakunja pua. Lakini mwezi wa sita na wa saba ukungu kule unaingia hadi ndani ya chungu, na mnyama anayelala karibu nawe ni blanketi lisilonunuliwa.

Na katika baridi hiyo ndipo kondoo wetu walikuwa wanazaa. Sijui kwa nini Mungu alipanga hivyo. Kitoto kinatoka kimelowa, kinatetemeka, na mama yake asipokilamba upesi kinakakamaa na kufa kabla hujasema neno. Msimu ule wote kila nyumba ilikuwa na wasiwasi wake. Ukikutana na mtu njiani kwenda ndiva, lile bwawa letu la kukinga maji ya mashamba, baada ya shikamoo na marahaba swali lilikuwa moja: wamezaa? Na aliyejibu kwa kuangalia chini, hukumuuliza tena.

Mwaka ninaousema, mama alikuwa mjamzito. Kondoo wake, tuliyemwita Bi Harusi kwa ule mwendo wake wa kujivuta kama anasindikizwa na ngoma, naye alikuwa na mimba. Bi Harusi alitoka kwa bibi yangu mzaa mama, kwa hiyo alikuwa mali ya mama, si ya baba, na mama alikuwa ameniahidi kwamba jike la kwanza atakalozaa litakuwa langu. Kazi yangu ilikuwa kumkatia majani na kumpa magadi alambe. Nilimhudumia kama yai. Mama akicheka alisema, "Nakiete, siku nikijifungua nitaomba unitunze kama unavyomtunza huyo."

Kulikuwa na kondoo wa pili, na huyo ndiye kiini cha mambo yote. Kwetu mwanamke akijifungua anaitwa mzazi. Anakaa ndani, hashiki jembe, hachoti maji, na mume wake lazima amchinjie kondoo. Mbuzi hafai, kuku ni mboga tu. Kondoo, kwa sababu ya ule mkia. Mume akijua mke wake ana mimba, anatenga dume aliyehasiwa, anamfunga kona ya giza ndani ya nyumba, anamkatia matembele na migomba, hamtoi nje hata kuota jua, mpaka mkia unakuwa mzito kama mtungi. Mzazi anakunywa mafuta yale kwenye supu asubuhi na jioni. Ndiyo dawa yake, ndiyo heshima yake, na ndiyo yanayomletea mtoto maziwa. Mwanaume aliyeshindwa kumchinjia mzazi alikuwa hana pa kukaa penye watu.

Baba alimtunza dume yule kama mboni ya jicho. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mikono iliyopasuka kwa udongo. Akitoka shambani kabla hajanawa alikwenda kwanza pale kona, anashika mkia anaupima kwa kiganja, anaguna. Mama anamwambia, "Baba Nakiete, hata mimi mwenyewe hunipimi hivyo." Anaguna tena.

Sasa, ilikuwa miaka ya Ujamaa. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na hakuwa balozi wa mdomo. Aliamini. Siku za shamba la kijiji alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na waliochelewa aliwatazama tu, wakajuta kuliko kama angewatukana. Mwaka ule watu wa kwetu walikuwa wamejitolea kuchimba barabara ya kupandisha gari hadi shuleni, na ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa kutoka wilayani atakuja kuifungua. Mabalozi wakaambiwa kila mmoja alete kitoweo kutoka katika nyumba zake.

Baba alizunguka. Kila nyumba ilikuwa na jibu. Huyu kondoo wake ana mimba, yule wake amezaa jana, na madume ya mtaa yalikuwa yameshapelekwa mnadani kabla ya baridi, maana nani anataka kukata majani kwa mnyama asiyezaa. Walikuwa wanasema kweli. Baba akarudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda bila kuvua kofia.

"Mama Nakiete," akasema, "wewe unajihesabia bado muda gani?"

"Bado mwezi na zaidi. Kwa nini?"

"Mnada ujao nashuka Same, nanunua dume aliyekwisha kunenepa. Huyu nimtoe."

Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuacha. "Umtoe kwa nani?"

"Kwa mgeni. Siwezi kuwa balozi halafu mtaa wangu uende mikono mitupu."

"Na mkia wake mgeni ataupeleka wapi? Yeye kazaa?"

Mimi nilicheka. Baba hakucheka. Kesho yake dume akatolewa nje kwa mara ya kwanza tangu afungwe, akapepesa macho kwa ule mwanga, akavutwa.

Mgeni alikuja kweli, na gari likapanda kweli, likisukumwa sehemu za mwisho na wachimba barabara wenyewe. Alihutubia vizuri. Ilipofika saa ya kula, ikaletwa sinia ya nyama nono, na yeye akasema kwa upole sana kwamba anaomba radhi, kondoo hamli, kwa ukoo wao ni mwiko. Wakamtafutia kuku. Dume la baba likaliwa na watu wa mtaa ule ule waliosema hawana kitu, wakajipaka mafuta hadi viwikoni. Baba alisimama kando na bakuli lake, akala kidogo, akampa mtu mwingine.

Mama alijifungua kabla ya mnada. Mtoto hakungoja hesabu. Ilikuwa asubuhi, ukungu umekaa mlangoni kama mtu anayesubiri kukaribishwa. Nilitumwa kumwita shangazi Namkunda, dada yake baba, na niliporudi naye mtoto alikuwa ameshatoka, mvulana, mdogo, mwekundu. Ndiye Elieza mdogo wangu. Shangazi alimfunga mtoto, akamfunga mama tumbo, akawasha moto mkubwa, halafu akatazama ile kona ya giza ambayo haikuwa na kitu ila kamba. Akamgeukia baba.

"Kaka, yuko wapi?"

"Nashuka Same."

"Nimekuuliza yuko wapi, sikukuuliza unakwenda wapi."

Baba akachukua fimbo akashuka. Kushuka kule na kupanda ni kazi ya kutwa nzima kwa mtu mwenye magoti mazuri. Alirudi jioni mikono mitupu. Hata mnada uliokuwa unangojwa ulikuwa umefungwa. Bwana mifugo alikuwa amezuia wanyama wasihamishwe kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo huko tambarare. Kesho yake akazunguka tena nyumba zote, na safari hii hakwenda kama balozi, alikwenda kama mume. Majibu yakawa yale yale. Kila jike lilikuwa na mimba au lilikuwa linanyonyesha, na kwetu hakuna anayetoa mnyama wa namna hiyo akachinjwe. Akamchinja jogoo wetu. Jogoo akaliwa, akaisha.

Hapo ndipo wanawake walipoanza. Nilikuwa kwenye ndiva nachota maji nikamsikia mmoja akimwita baba aliyekuwa anapita njia ya juu na jembe begani.

"Balozi, mgeni alishiba?"

Wenzake wakainamia ndoo zao wakicheka kimyakimya. Mwingine akasema, "Mwache mwenzio. Mkewe anakunywa hotuba." Baba akapita bila kugeuka. Mimi nikaona aibu, lakini sikumwonea huruma. Niliona aibu kwamba ni baba yangu. Mtoto ni mnyama mkali, tusidanganyane.

Siku chache baadaye, mchana, Bi Harusi akazaa. Nilikuwa peke yangu naye, maana mama alikuwa kitandani nyuma ya pazia la magunia na shangazi amekwenda kwake kukamua ng'ombe. Mama akanielekeza akiwa amelala. "Usimvute. Ngoja asukume. Unaona kwato? Kwato ziko chini au juu?" Nikamwambia chini. "Vizuri. Pangusa pua." Kikatoka kimoja, dume. Bi Harusi akamlamba, akasimama, na nikadhani tumemaliza. Ndipo kikatoka cha pili, jike, kidogo kama paka, kikaanguka kwenye majani kikalala. Lilikuwa jike langu. Na Bi Harusi akakinusa, akakipiga teke.

Mama alisema nikipake magadi mwili mzima ili apate hamu ya kukilamba. Nikakipaka. Akalamba magadi yote hadi yakaisha, halafu akakipiga teke tena. Kulia hakusaidii kondoo, lakini nililia. Mama akaniambia nikilete. Akakiweka kifuani, upande mmoja Elieza, upande mwingine mwanakondoo, blanketi moja. Akaniambia tutakinywesha wenyewe.

Ni siku hiyo hiyo baba alirudi kutoka shambani akakuta Bi Harusi amezaa. Hakuuliza amezaa nini. Alikaa nje muda, nikamsikia ananoa kisu kwenye jiwe la mlangoni. Mtoto wa milimani anaujua mlio wa kisu cha mboga na anaujua mlio wa kisu kingine. Nilikwenda nikamkumbatia Bi Harusi shingoni. Baba akaingia.

"Nakiete, toka hapo."

"Huyu si wako."

"Toka, mwanangu."

"Wako ulimpa mgeni."

Nilisema hivyo. Kwa umri ule. Baba alisimama na kisu ubavuni, nikaona kidevu chake kinacheza, nikadhani ni hasira. Kutoka nyuma ya magunia sauti ya mama ikatoka, ndogo lakini imenyooka.

"Baba Nakiete. Mwache."

"Utakula nini?"

"Nitakula mnachokula."

"Mzazi hali makande siku nzima kama mtu wa kulima. Huna maziwa. Mtoto analia usiku kucha unadhani sisikii?"

"Ukimchinja sitamla. Nimnyonyeshe wangu huku wa mwenzangu wanalia mlangoni? Hapana. Nilimwahidi huyu mtoto."

"Mama Nakiete, nakuomba."

Sikuwahi kumsikia baba akimwomba mtu. Hata hilo nililisikia vibaya. Niliona mwanaume anayelazimisha na mwanamke anayekataa, na mwanamke akashinda, na mimi nikashinda pamoja naye. Baba akatoka nje, akazunguka nyuma ya nyumba kwenye migomba, akakaa huko hadi giza.

Basi tukaishi hivyo. Mama alikula makande na uji wa mahindi. Shangazi Namkunda alikuwa na ng'ombe mmoja aliyekuwa anakaribia kukauka, na kila asubuhi alileta maziwa kwenye kibuyu, kidogo tu, ya mama. Alimpa, akamwona anatia kwenye kikombe cha bati, akaondoka na shughuli zake. Na kila asubuhi shangazi akishapiga kona mimi nilikuwa nimesimama pale na mwanakondoo wangu mikononi. Mama alinyanyua kikombe akakinusa, akakunja uso.

"Maziwa haya yananichefua," alisema. "Chukua, mpe mwanao."

Nililowesha kitambaa kwenye maziwa, mwanakondoo akakinyonya, na maziwa yakimchuruzika kidevuni tulikuwa tunacheka mama na mimi. Nilimwona mama hana bahati, mtu asiyependa kitu kitamu namna ile. Mwanakondoo akapata nguvu. Akaanza kuruka juu ya mafiga, akala ncha ya pazia la magunia, akanifuata hadi mlangoni mwa shule na kufukuzwa na mwalimu. Alikua, akazaa, waliozaliwa wakazaa. Mnayajua yaliyobaki, yako zizini kule tambarare.

Elieza alipona, ila alichelewa kutembea na hadi leo ni mtu wa kifua. Mama alisimama, lakini hakurudi kuwa yule. Kabla ya uzazi ule alikuwa anashuka na mzigo wa kuni unaomficha kichwa. Baada yake alibeba vijiti. Mgongo ulimuuma kila baridi, hakupata mtoto mwingine, na watu walipomwona akipanda njia akishika miti walisema huyo ndiye mzazi aliyelala kavu, bila mafuta. Hawakusema mbele ya baba. Hawakuwa na haja. Yeye mwenyewe aliacha ubalozi bila kuulizwa, na tangu hapo nyama ya kondoo haikupita mdomoni mwake.

Mimi nilimshikia hilo. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba baba yangu ni mtu aliyewalisha wageni akamnyima mke wake, kisha akataka kuniulia mnyama wangu ili afunike aibu. Nilishuka Same mapema, nikafanya kazi za watu, nikaanza kuuza nyama barazani, nikapata bucha. Kila sikukuu nilimtumia baba paja la kondoo, zuri, la kuchagua. Nilitaka aone. Nikipanda kuwasalimia nasikia paja amepewa jirani. Nikasema huyu mzee ana kiburi. Mama nilimpelekea sukari, kitenge, majani ya chai, dawa ya mgongo. Ng'ombe wa maziwa nilikuwa nao, lakini maziwa sikumpelekea hata siku moja, kwa sababu nilijua yanamchefua. Alikunywa chai yake ya rangi mbele yangu, akanishukuru, akafa.

Miaka ikapita. Binti yangu akajifungua hapa mjini, nikamchinjia kama inavyotakiwa, na nikamtuma mtu amlete shangazi Namkunda aje amkande. Alikuwa mzee sana, lakini mikono bado ilikuwa mikono. Asubuhi moja binti akasukuma glasi ya maziwa, akasema hayataki. Nikacheka nikamwambia shangazi, "Huyu amemfuata bibi yake. Mama naye maziwa yalikuwa yanamchefua."

Shangazi akaacha kukanda. "Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe."

"Mama yako? Mama yako alipokuwa msichana alikuwa anapigwa kwa kudokoa maziwa ya ndama." Akanitazama kama ananipima kichwa. "Kwani yale niliyokuwa nampelekea, kipindi kile cha Elieza, alikuwa anayafanyia nini?"

Nikamwambia. Alipaka mikono mafuta, akarudi kumkanda binti yangu, na huku anakanda akaanza kuongea, si kwa hasira. Akaniambia kati yangu na Elieza walizaliwa wengine waliokufa wachanga, mmoja baada ya mwingine, na walizikwa kwenye migomba nyuma ya nyumba, ndiyo maana hatukulima pale. Mimi nilikuwa mdogo mno kujua. Ndiyo maana kaka yake alikuwa anapima mkia wa lile dume kama mwendawazimu. Ndiyo maana, siku aliponoa kisu, alikuwa ameshaona Elieza naye anakwenda. "Na uliposhika ile shingo ya kondoo ukamwambia maneno uliyomwambia," akasema shangazi, "alikuja kwangu kesho yake. Hakukulaumu. Alisema mtoto kasema kweli."

Sasa fikirieni mtu kama mimi, niliyetembea mji huu kifua mbele nikisema sikupewa kitu na mtu. Mwanakondoo yule alinyweshwa maziwa ya mdogo wangu. Mkia ambao haukuyeyushwa ni mgongo wa mama. Na mwanaume niliyemdharau ndiye pekee katika nyumba ile aliyekuwa ameiona hatari kama ilivyo, akajaribu kuizuia, akashindwa na wanawake wawili aliowapenda, akabeba lawama yote ili sisi tubaki na ushindi wetu. Alikosea, ndiyo, alikosea pale mwanzo, kwa kuwaamini watu na kuiamini hesabu ya mwezi. Mimi nimekosea zaidi ya hapo katika biashara na hakuna aliyenicheka bwawani.

Wiki iliyofuata nilipanda mlima. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nilimkuta baba nje, amekaa kwenye jua na koti lake, macho yamekwisha kupata utando. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono ajue ni nani.

"Nakiete," akasema. "Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu, baba. Kuzuri."

"Kondoo wamezaa?"

"Wamezaa."

"Wote salama?"

"Wote, baba."

Akatikisa kichwa taratibu, ameridhika, kama mtu aliyekuwa na wasiwasi huo peke yake tangu asubuhi. Kisha akacheka kidogo. "Umepanda mlima wote huu kuja kuniambia kondoo wamezaa?"

Yalikuwa pale, mdomoni kabisa. Mimi ninayemwambia kila mtu ukweli wake usoni, bwana mifugo, mwenyekiti, mume wangu, yeyote. Nikasema, "Ndiyo, baba, ndicho kilichonileta." Nikamtengenezea chai, nikaaga, nikashuka. Masika iliyofuata tukamzika kwenye migomba, pale pale ambapo hatukuwahi kulima.